Kuhusu Mlango wa Nyuma

Mutua mwanangu,

Barua nyingi huanza kwa kuuliza kama mwenzako ni mzima. Sitakuuliza. Nilikuona juzi ukitoka kortini, shati limechomoka kwenye suruali, unatembea kama mtu aliyesahau mahali alipoacha baiskeli yake, nikajua hauko mzima. Mimi pia siko mzima. Kwa hivyo hizo salamu tuziruke.

Vitu vyako nimeshavifunga. Mzee wa kijiji amesema atavijia asubuhi na pikipiki, akuletee hapo kwa lami unapongojea gari, kwa sababu wewe huruhusiwi kuvuka lango. Barua hii nimeitia ndani ya buti lako la kazi, maana ukifika huko Malili unakohamia ndicho kitu cha kwanza utakachotafuta. Sikuandikii mambo ya kula na kulala. Wewe ni mtu mzima, ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mtu anayeshinda na moto mkononi hawezi kushindwa na sufuria ya ugali. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kikamba kingenifanya nikubembeleze, na leo sitaki kukubembeleza. Tena ukikasirika katikati ya kusoma, unaweza kujifanya barua imetoka kwa serikali.

Jana ulimtuma mjomba wako kwangu. Alikaa, akanywa chai, akaongea habari za mvua na ndengu za watu wengine, na alipokuwa ameshashika kofia yake ndipo akasema kilichomleta. Kwamba unaomba niuache wazi mlango wangu wa nyuma. Kwamba hata ukiwa unakaa Malili, siku moja moja giza likishaingia utapitia kwa shamba la jirani, uingie jikoni kwangu, ule, unione, uondoke kabla watu hawajaamka. Kwamba hakuna atakayejua. Nilimwambia mjomba wako kwamba nitakujibu mwenyewe. Jibu liko humu ndani ya barua, ila na mimi bado nalitafuta, kwa hivyo nisome polepole.

Nianze na ile amri ya korti, kwa sababu mpaka sasa haijaniingia vizuri. Hakimu aliisoma, yule mama wa kutafsiri akaiweka kwa Kikamba. Usimkaribie Mwikali, mama ya watoto wako. Usimpigie simu, wala usitume mtu wa kumtisha. Watoto utawaona afisa wa watoto akipanga. Uende ukaongee na mshauri. Usiingie boma, mpaka korti iseme vingine. Nilidhani yameisha, kumbe ile kesi ya kumvunja mkono ni nyingine kabisa na itasikizwa baadaye, na ndiyo maana uko nje kwa dhamana. Mimi nilijua tulienda huko kwa jambo moja. Sasa nasikia ni mawili, na kila moja lina tarehe yake.

Kilichonichanganya zaidi ni hilo neno boma. Nafikiri walioandika sheria wanakaa kwa nyumba yenye mlango mmoja na ukuta kuizunguka. Sisi hapa tuna tangi moja la maji, choo kimoja, kamba moja ya kuanika nguo. Kuku wangu anataga chini ya kitanda cha Mwikali na paka wa Mwikali anazalia kwa kabati langu. Nyumba yako inaishia wapi na yangu inaanzia wapi, mimi niliyeolewa hapa siwezi kukuonyesha. Kwa hivyo watu walipotoka nje nilibaki nyuma, nikamfuata karani.

Nilimwambia hili boma ni langu, na nikamuuliza kama mimi mwenyewe nikikukaribisha itakuwaje. Ni msichana mpole, alinijibu bila kunicheka. Akasema, "Mama, karibu yako haiondoi amri." Nikamuuliza na kama ni Mwikali anakukaribisha. Akasema hata Mwikali, mpaka kwanza arudi pale korti ibadilishe. Ndipo likanitoka lile nililokuja nalo tangu asubuhi.

"Na nikifa?"

"Ukifa, mama?"

"Huyu ndiye mtoto wangu wa kiume pekee. Nikizikwa hapo nyumbani, atasimama wapi?"

Aliacha kuandika. Akasema mtu atakuja aombe, na anafikiri wanaweza kuruhusu kwa siku hiyo. Nilimshukuru. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nafikiria kwamba siku hizi, ili mtu azikwe na mwanawe, lazima kwanza mtu mwingine akapange foleni.

Sasa nataka nikupeleke nyuma kidogo, na usiseme unayajua, kwa sababu unayajua kwa macho ya mtoto.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzuri akiwa hana pesa. Akizipata alikuwa mtu mwingine. Siku kama hizo mimi nilikuwa na njia moja tu, ile inayotoka nyumba yetu kwenda kwa susu yako, mama yake. Hapa kwetu mwanamume hamfuati mke wake ndani ya nyumba ya mama yake. Hakuna aliyetufundisha, kila mtu alijua tu. Nikishakanyaga ndani, susu yako alisimama mlangoni na mchi wa kutwangia. Alikuwa mdogo wa mwili, ananifika begani, na baba yako ungemgawanya ukapata wanaume wawili. Alimwambia, "Ukitaka kuingia, anza na mimi." Na baba yako aligeuka akaenda zake akitukana mbuzi.

Susu yako alinipikia uji, akanikanda kwa maji ya moto, tukalala kitanda kimoja. Asubuhi alinishika mkono akanirudisha kwangu. Kila mara alisema maneno yale yale, kwamba ameshapoa, rudi ukapikie watoto. Mimi niliona nimebahatika. Wenzangu walikuwa na mama mkwe wa kuchochea moto, na mimi nilikuwa na wa kuuzima. Nilimpenda yule mwanamke kuliko mama yangu mzazi, na bado nampenda, na usinisikie nikiandika haya ukafikiri namlaumu. Au labda namlaumu. Hapo ndipo naanza kupotea.

Na wewe ulikuwa mdogo sana, hata shule hujaanza. Nilipokimbilia kwa susu sikuwa na nafasi ya kutafuta viatu. Wewe ulinifuata navyo baadaye, kimoja kila mkono, ukaviweka chini karibu na kitanda, vikiangalia mlangoni. Hakuna aliyekutuma. Ulikuwa unajua kwamba asubuhi nitavihitaji kurudi. Nilikuwa nikikutazama nasema Mungu amenipa mtoto mwenye huruma. Sijui sasa. Nafikiri nilikuwa sahihi, na nafikiri pia kuna kitu kingine ulikuwa unajifunza na hivyo viatu, na sote tulikuwa tukikusifu.

Ulipomleta Mwikali kutoka Kwa Vonza, wiki ile ile nilimkalisha nikamwambia wewe una hasira za baba yako. Nikamwonyesha mlango wangu wa nyuma. Ulikuwa bado wa mbao wakati huo. Nilimwambia, siku ikitokea, hapa ndipo. Niliona nimempa zawadi ambayo wasichana wa siku hizi hawapati. Kanisani walipokuwa wakiniita kuwashauri wanaoolewa, mimi ndiye niliyekuwa nikisema, kabla hujakubali kijana mwangalie mama yake kwanza. Wakapiga makofi. Nilikuwa na sifa, mwanangu, nilikuwa mwenyekiti wa akina mama na kila harusi ilikuwa lazima nipewe kipaza sauti.

Na Mwikali alikuja. Alikuja na slipa moja, au bila. Nilimpikia chai, nikampaka mafuta, nikalala naye. Wewe ulisimama pale nje karibu na tangi na hukukanyaga ndani hata mara moja, na nataka ujue kwamba hata hilo nilikuwa nikijivunia. Nilisema, kijana wangu ananiheshimu. Asubuhi nilimshika Mwikali mkono nikamrudisha. Wakati mmoja mambo yalizidi, wazee wa ukoo wakaja, ukatoa mbuzi wa kupatana, tukala, wakaomba, wakakuambia ukue. Mimi ndiye niliyempika yule mbuzi. Hata kabla ngozi yake haijakauka ukutani, Mwikali alikuwa amegonga tena.

Nani alikosea hapo? Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Mlango ulifanya kazi yake. Hakuna aliyekufa. Mwikali aliponea pale na mimi niliponea pale kabla yake. Ukiniuliza kama ule mlango ni mbaya siwezi kusema ni mbaya.

Ngoja nikueleze jambo ambalo sikulisema hata kortini, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Ilikuwa wakati wa likizo ya Agosti. Binti yako Syombua alikuwa akicheza kalongolongo nyuma ya jikoni na msichana wa jirani. Unajua ule mchezo, kupika matope kwa vifuniko vya chupa. Msichana wa jirani alikuwa baba, Syombua alikuwa mama. Mimi nilikuwa ndani nachagua maharagwe, nawasikia. Wakapika, wakala, wakalaza watoto wao wa vitambaa. Halafu yule baba akasema, sasa ni usiku, nimerudi. Nikasikia kimya. Nikachungulia. Syombua alikuwa anavua slipa moja. Aliivua vizuri, akaiweka kando ya jiko lao, halafu akakimbia na ile nyingine mguuni, akazunguka nyumba, akagonga mlango wangu wa nyuma.

Nilifungua. Alikuwa anahema kabisa. Akaniambia, "Mwaitu, nimekuja." Hakusema susu. Aliniita mama, vile Mwikali huniita. Akaingia akakaa kwa kile kiti kidogo na akangoja. Mimi, sijui ni ujinga gani ulinishika, nikampa kikombe cha maji. Akakinywa akikipuliza kama chai. Halafu akafumba macho kidogo, akayafumbua, akaniambia, "Sasa ni asubuhi. Nirudishe." Akanyoosha mkono.

Na nikamshika mkono, Mutua. Nikatoka naye. Tulikuwa tumefika karibu na kamba ya nguo ndipo nikajiona. Huyu ni mtoto uliyempa jina langu, unamwita mwaitu kwa sababu kwako yeye ni mimi, na mimi nilikuwa nikimpeleka arudi. Hata hakuwa na huzuni. Kama angelia ningejua la kufanya. Alivaa slipa yake, akakoroga matope, na mchezo ukaendelea, kwa sababu kwake hiyo ilikuwa sehemu ya jioni, kama kuosha vyombo.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini?

Kwa hivyo ile siku ya mkono usifikiri niliamua usiku ule. Mwikali alipogonga nilifungua, nikaona mkono wake umening'inia vibaya, na bado, kwa mazoea, niliinjika maji ya chai. Nilishika majani ya chai. Wewe ulikuwa pale kwa tangi, mahali pako pa siku zote. Nikatoka kukuangalia. Ukaniambia kwa sauti ya chini, ya heshima kabisa, "Mwaitu, mpe chai alale. Kesho tutaongea."

Nataka ujue ni hayo maneno yaliyoniamulia. Kama ungenitukana ningejua nashughulika na mlevi, ningekuombea. Lakini uliongea na mimi kama mtu anayeongea na mwenzake wa kazi. Nilirudi ndani nikazima moto, nikampigia yule kijana wa bodaboda, tukaenda hospitali, na kutoka hospitali tukaenda polisi.

Pale polisi kuna dawati lao la mambo ya jinsia. Alikuwa askari wa kike. Alimwandikisha Mwikali, halafu akanigeukia akaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni mama ya mume wake. Akaangalia tena. Akaniuliza, "Sasa mama, wewe uko upande gani?" Nilimwambia mimi ni wa bomani. Aliandika kitu, sijui aliandika upande gani. Asubuhi yake chifu alituita akatuambia mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani, na kabla hajameza mate akasema pia kwamba yeye hawezi kuguza hiyo, sheria siku hizi ni kali. Nikamuuliza tufuate gani. Akasema zote mbili. Nikamshukuru na yeye.

Na sasa korti. Najua una hasira juu ya siku hiyo, na mimi nina yangu, kwa hivyo tuzitoe zote.

Yako ni kwamba nilisimama mbele ya watu nikakusemea. Sawa. Hakimu, ambaye ni msichana wa umri wa dada yako, aliniuliza Mwikali alikimbilia kwangu mara ngapi. Nilisema sikuhesabu.

"Na akija ulikuwa unafanya nini?"

"Nilimpikia chai."

"Na asubuhi?"

"Nilimrudisha."

Nilingoja watu wacheke au hakimu aniseme. Hakuna aliyefanya chochote. Aliandika tu, akainua kichwa akaniuliza kama nina la kuongeza. Kumbe nilikuwa nimekwenda kukushtaki wewe na maneno yote niliyosema yalikuwa juu yangu. Nilikuona ukiniangalia, na uso wako ulikuwa uso wa mtoto wa viatu. Nilitaka kutoka pale kizimbani nije nikufunge kifungo cha shati. Ndivyo nilivyo. Nilikuwa nakutolea ushahidi na nawaza kifungo chako.

Hasira yangu mimi ni ile ya ntheo. Ulisimama ukamwambia hakimu kwamba Mwikali si mke wako, kwa sababu kwa Mkamba bila mbuzi za ntheo kwenda kwao hakuna ndoa, na zetu hazikuenda. Kweli hazikuenda. Kulikuwa na ukame, mbuzi walikuwa mifupa, na ni wewe uliyesema tungoje wanenepe. Baba yake akatuvumilia. Yule msichana amekuzalia, amekufulia, amelima hili shamba langu, na siku ya kujitetea unatoa mbuzi tulioshindwa kuwapeleka unawafanya ngao. Hakimu alikuambia kwamba sheria hii haiulizi mbuzi, inauliza kama mnaishi pamoja na mna watoto. Niliona aibu mpaka nikaangalia chini. Sheria ya watu wasiotujua ilikuwa inamtambua Mwikali kama mtu wa kwetu, na sisi tuliokula naye tulikuwa bado tunangoja mbuzi wanenepe.

Lakini usifikiri nimeipenda hiyo sheria. Siijui vizuri na haina habari na mimi. Haijui kuhusu viatu. Haijui kwamba ulipofungua kibanda chako cha jua kali pale Mukuyuni, kazi ya kwanza uliyoifanya haikuwa ya kuuza, ilikuwa ya kuning'olea ule mlango wa mbao ulioliwa na mchwa na kuniwekea wa chuma. Wakati mwingine naona ingekuwa vizuri kama ingejua. Halafu nafikiri kwamba mimi nilikuwa najua yote hayo, na angalia nilichofanya. Nilipika chai.

Watu nao wananivuta kila upande. Kuna wanaonishika mkono sokoni wakiniambia nimefanya kazi ya Mungu. Kuna wengine kanisani siku hizi wananisalimia wakiangalia mtandio wangu, na nimesikia wanauliza ni mama gani anampeleka mwanawe kortini. Hao wote wakiongea mimi natikisa kichwa tu. Mwezi huu msichana mmoja anayeolewa alikuja hapa peke yake. Akaniuliza, kama mambo yakiharibika, afanye nini. Nilifungua mdomo, mimi mwenyewe wa kipaza sauti, na nikamwambia sijui. Akaanza kulia. Nikaenda kumpikia chai, halafu nikaiangalia ile sufuria nikaimwaga nje, nikarudi nikakaa naye hivyo hivyo bila kitu mkononi. Tulikaa sana. Sijui kama nilimsaidia. Alipoondoka alinikumbatia.

Kwa yule mshauri uende. Sijui atakuambia nini, na labda atakuwa kijana anayesoma kwa kitabu, lakini mweleze habari ya viatu. Usianze na baba yako, kwa sababu ukianza na baba yako utapata mahali pa kujificha. Anza na viatu.

Sasa mlango.

Nimeuwaza kutwa. Nilitaka kusema ndiyo. Ukitaka ukweli, jana mjomba wako alipoondoka nilikwenda nikatoa komeo la ule mlango, nikaurudishia bila kufunga, kujaribu tu jinsi nitakavyojisikia. Nilijisikia vizuri. Nilikaa jikoni nikakufikiria ukiingia na ile njaa yako ya kila siku, ukifunua sufuria kabla ya kusalimia.

Halafu nikamfikiria mbwa. Ukija usiku mbwa hatabweka, kwa sababu ni wako, wewe ndiwe uliyemlea. Mwikali analijua hilo. Siku atakapojua kwamba unaingia hapa, ukimya wa mbwa ndio utakaomtisha, na kila usiku kuna ukimya. Tangu ulipotoka hapa Mwikali analala, Mutua. Nimemkuta mchana, mkono uko kwenye plasta, amelala kwa mkeka mdomo wazi na nzi anamtembea shavuni na hana habari. Miaka yote amekaa hapa sijawahi kumwona akilala mchana. Nilikuwa nikimsifu kwa watu, nasema binti yangu si mvivu.

Na kuna Syombua, ambaye anajua kugonga ule mlango. Akikusikia na wewe ukigonga, na mimi nikafungua, sijui mchezo wao utageuka uwe nini.

Kwa hivyo nitakuja mimi. Nikipata nafasi nitapanda gari nije Malili, nishuke hapo kwa lami na muthokoi wa mahindi na maharagwe kwenye mkebe, tukae mahali penye watu, tule. Unaweza kunikasirikia hapo, nitasikia. Unaweza hata usije, nitakula peke yangu nirudi. Lakini huku usije. Ukigonga nitajua ni wewe, maana kugonga kwako nakujua tangu ukiwa tumboni, na sitafungua. Nitapiga ile namba aliyoniachia yule askari wa kike, halafu nitakaa chini nilie, kwa mfuatano huo huo, simu kwanza, machozi baadaye. Sijui kama mama anayefanya hivyo bado ni mama. Ukipata jibu mahali, niandikie.

Jioni hii nilimwambia Syombua aweke komeo akiwa ndani, mimi nikatoka nje nikausukuma mlango kwa bega, kwa nguvu zangu zote za uzee. Siku ulipouweka uliusukuma hivyo hivyo, ukitokwa jasho, unacheka, ukaniambia, "Mwaitu, sasa hata mimi siwezi kuingia." Nilifikiri unajisifu tu. Leo haukutikisika hata kidogo. Wewe ni fundi mzuri, mwanangu.

Mama yako,
Syombua